Njia ya Hewani Kutoka London Mpaka Nairobi

Ikiwa shuleni kwenu pana mfano wa dunia, ule wa mviringo unaozunguka juu ya mti wake, twawaomba mchukue uzi mwembamba, mweke ncha moja katika mji wa London na ncha ya pili katika mji wa Nairobi, kisha mwukaze mpaka usiwe na pindo. Uzi huo utapita juu ya milima ya Alpi, utavuka Bahari ya Kati, utakata jangwa la Sahara upande wake wa mashariki, utaingia Sudan, na mwisho utashuka Kenya. Upimeni, mlinganishe na kipimo cha mfano huo, nanyi mtapata maili 4,200 na kidogo, ndizo kilometa 6,800. Hakuna njia fupi kuliko hiyo baina ya miji hiyo miwili, nayo haikupungua wala kuongezeka hata hatua moja tangu reli ilipofika Nairobi katika mwaka wa 1899.

Leo eropleni huenda njia hiyo kwa muda wa saa nane na nusu au tisa bila kutua po pote. Mtu hula chakula cha jioni London, na asubuhi hunywa chai Nairobi. Lakini katika mwaka wa 1932 abiria wa eropleni alitumia karibu juma zima. Mtu akiulizwa sababu ya tofauti hiyo hujibu upesi, "Eropleni za zamani hazikuwa na mbio." Jibu hilo ni kweli nusu, na sisi walimu twajua ya kuwa jibu lililo kweli nusu ni gumu kulisahihisha kuliko lililo uongo mtupu. Na tufanye hesabu. Eropleni za aina ya Argosy, zilizotumika katika njia hiyo, zilikwenda kadiri ya maili 90 kwa saa. Gawanyeni maili 4,200 kwa 90: mtapata saa 47 hivi, nazo hazitimii siku mbili. Juma lina siku saba. Je, zile siku tano zilizobaki zilikwenda wapi? Hilo ndilo tunalotaka kulitafuta katika mazungumzo haya.

Habari za merikebu hatutazikawiza. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa katika mwaka wa 1869, safari ya kutoka Uingereza kuja pwani yetu ilifupishwa sana, kwa maana merikebu hazikulazimika tena kulizunguka bara zima la Afrika. Hata hivyo msafiri alihesabu majuma matatu au manne mpaka Mombasa, kisha akapanda gari moshi kwenda bara. Barua iliyoulizwa swali mwezi huu ilijibiwa baada ya miezi miwili, na watu waliizoea hali hiyo kama walivyozoea majira ya mvua.

Chombo cha kwanza kilichosafiri hewani kutoka Ulaya kwa nia ya kufika Afrika ya Mashariki hakikuwa eropleni, wala hakikuja kwa amani. Kilikuwa merikebu ya hewani ya Wajerumani, au Wadachi kama wazee wetu walivyowaita, puto refu mno lenye mitambo, jina lake L59. Ilikuwa Novemba 1917, wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Jeshi la von Lettow-Vorbeck lilikuwa limesukumwa mpaka kusini kabisa mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, bila njia ya kupata risasi wala dawa, maana bahari ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Basi L59 iliondoka Jamboli katika nchi ya Bulgaria tarehe 21 Novemba, ikiwa na watu 22 na shehena ya tani kama 15. Haikutazamiwa kurudi. Ilikusudiwa ikifika ivunjwe, na kitambaa chake kishonwe mahema na nguo za askari.

Ilivuka bahari, ikavuka jangwa la Misri, ikapita upande wa magharibi wa Khartoum. Hapo, tarehe 23 Novemba, ikapokea habari kwa simu ya upepo kwamba irudi, nayo ikageuka ikarudi hata Jamboli, ikafika tarehe 25. Ilikuwa imekaa hewani saa 95 na kwenda kilometa 6,757 pasipo kugusa ardhi hata mara moja.

Itazameni vema tarakimu hiyo. Ni umbali ule ule, kwa kukaribia sana, wa uzi wetu wa London na Nairobi. Chombo hicho kilikwenda maili 44 tu kwa saa, yaani nusu ya mwendo wa zile Argosy za baadaye, lakini kilimaliza umbali huo kwa siku nne, na eropleni zenye mbio mara mbili zilitumia siku sita au saba. Aliye mwepesi wa hesabu amekwisha kuliona jibu letu likichungulia.

Lakini kabla ya kuendelea, hatuwezi kuzipita zile tani 15 hivi hivi. Kwa mzigo wa ratili 60 juu ya kichwa cha mpagazi, tani 15 ni mizigo zaidi ya 500. Vita ile katika nchi zetu ilibebwa vichwani. Watu walichukuliwa vijijini kwa maelfu na maelfu, wa upande huu na wa upande huu, wakatembea mpaka wakaanguka kwa njaa, kuhara na homa. Waliokufa ni makumi ya maelfu, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, limetoka katika jeshi lile la wapagazi, na Nairobi pia mna mtaa wa jina hilo. Wakati Wazungu wachache walipokuwa wakilipita jangwa kwa siku moja, babu zetu walikuwa wakipimiwa safari kwa hatua za miguu.

Vita ilipokwisha, Waingereza walitaka njia ya eropleni kutoka Cairo mpaka Cape Town. Eropleni za siku zile zilikuwa na shida moja kuu: hazikuweza kubeba mafuta mengi. Mafuta ni mzigo kama mizigo mingine. Ukijaza petroli ya safari ndefu, chombo hakiinuki. Ukitaka kiinuke, hapana budi upunguze petroli, na ukipunguza petroli itakupasa kutua baada ya maili mia mbili au tatu. Kwa hiyo njia ya hewani ilihitaji kutengenezwa chini kwanza. Katika mwaka wa 1919 watu walitumwa kutafuta mahali pa viwanja, na wenyeji wa vijiji wakakusanywa kukata miti, kung'oa visiki na kuvunja vichuguu vya mchwa. Kila aliyewahi kukiangusha kichuguu kikubwa kwa jembe aelewa ilikuwa kazi gani. Petroli nayo ilipelekwa mbele kwa reli, kwa mashua na kwa vichwa, ikakaa ikiingojea eropleni ambayo pengine haikuja.

Na kweli nyingi hazikufika. Mwezi wa Februari 1920 eropleni iliyokodiwa na gazeti la The Times la London ilianguka ikavunjika Tabora, na safari yake ikaishia hapo. Waafrika Kusini wawili, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, ndio waliofika Cape Town, lakini walivunja eropleni mbili njiani wakamalizia kwa ya tatu. Waliondoka Uingereza tarehe 4 Februari, wakafika tarehe 20 Machi, siku 45. Saa walizokuwa hewani zilihesabiwa: zilikuwa 109 na nusu. Hizo hazifiki siku tano. Siku 40 nyingine walikuwa chini, wakitengeneza, wakingoja na kutafuta chombo kingine.

Tarehe 28 Februari 1931 posta ya kwanza ya kampuni ya Imperial Airways iliondoka Croydon, kiwanja cha London cha wakati ule, kuja Mwanza. Naam, mwisho wa njia ulikuwa Mwanza. Nairobi haikuwa na maji ya kutosha, na safari ya mwisho ilikuwa ya eropleni za kutua majini, kwa hiyo Ziwa Victoria ndilo lililokuwa kiwanja. Barua zilikuwa njiani siku kumi hivi. Januari 1932 njia ikaendelezwa mpaka Cape Town, na Aprili mwaka ule ule abiria wakaanza kupokewa kwa safari nzima.

Na tumfuate abiria mmoja wa 1932. Croydon alipanda eropleni mpaka Paris. Paris alishuka, akapanda gari moshi la usiku na mchana mpaka Brindisi, kusini mwa Italia, kwa sababu serikali ya Italia na Uingereza hazikupatana juu ya eropleni za Kiingereza kupita katika anga yake. Brindisi alipanda eropleni ya majini, akaenda Athens, Krete na Alexandria. Kutoka Alexandria akapanda gari moshi tena mpaka Cairo. Kutoka Cairo alipanda eropleni ya nchi kavu, akafuata mto Naili kupitia Luxor, Aswan na Wadi Halfa mpaka Khartoum. Khartoum akarudishwa majini: Malakal, Juba, Butiaba kwenye Ziwa Albert, Port Bell, hata Kisumu. Kisumu akapewa eropleni nyingine ya nchi kavu, nayo ndiyo iliyomfikisha Nairobi. Na wenzake waliokuwa wakiendelea kusini walitua Moshi, Dodoma na Mbeya. Hesabuni: vyombo saba, na viwili katika hivyo ni magari moshi! Kila jioni alilala chini, maana viwanja havikuwa na taa wala marubani hawakuwa na alama za kuwaongoza gizani. Sasa zile siku tano tulizokuwa tukizitafuta tumezipata. Zililala Wadi Halfa, zikalala Khartoum, zikalala Juba. Zilikwenda na gari moshi la Italia.

Wala kutua mara nyingi hakukuwa salama siku zote. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1935 eropleni ya majini iliyoitwa City of Khartoum ilikuwa ikitoka Krete kwenda Alexandria. Mitambo yake ikanyamaza yote kwa kukosa petroli, karibu kabisa na bandari. Kati ya watu 13, rubani peke yake ndiye aliyeokoka.

Mwaka 1937 zikaja eropleni kubwa mpya za majini. Hizi ziliondoka Southampton, zikaja moja kwa moja bila gari moshi kuingia kati, zikafika Kisumu kwa siku tatu au nne, kisha zikashuka pwani: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, mpaka Durban. Watu wa Lindi waliziona zikitua mbele ya mji wao wakati miji mikubwa ya bara haijawahi kuziona. Abiria wa Nairobi alishuka Kisumu, akapanda eropleni ndogo. Tangu Juni mwaka ule barua zote za kawaida kutoka Uingereza kwa nchi za njia hiyo zililetwa hewani kwa peni moja na nusu tu. Sisi twalihesabu jambo hilo kuwa kubwa kuliko mbio za eropleni zenyewe. Kiti cha eropleni kilikuwa cha matajiri na maofisa. Katika nchi zetu ni nani aliyeweza kulipa nauli ile? Lakini barua iliweza kupanda, hata ikiwa ya mtu maskini.

Mojawapo ya eropleni hizo iliitwa Corsair, na kisa chake chastahili kusimuliwa polepole. Tarehe 14 Machi 1939 ilikuwa ikirudi kutoka Durban kwenda Uingereza. Iliondoka Port Bell kwenda Juba, maili kama 320, safari ya saa mbili hivi. Chombo chake cha kuonyesha mwelekeo kikaipoteza. Rubani akaenda, akaenda, asiione Juba wala mto Naili, na petroli ikawa inakwisha. Akaona mto mwembamba chini, akateremka juu yake kwa ustadi mkubwa, lakini mwamba uliofichwa na maji ukaupasua ubavu wa chombo, nacho kikaingia topeni. Hakuna mtu aliyekufa. Mto ule ulikuwa Dungu, karibu na Faradje katika Kongo, maili kama 150 upande wa kusini-magharibi wa Juba.

Mafundi waliletwa kutoka Uingereza. Walifanya kazi katikati ya mto, katika joto na mbu, miezi kadhaa, mpaka chombo kikawa kizima. Mwezi wa Julai wakajaribu kukirusha. Kikakimbia juu ya maji, kikapiga mwamba mwingine, kikapasuka tena! Wakati huo vita nyingine ilikuwa inakaribia, na ilipoanza Septemba hapakuwa na eropleni ya kutupwa. Wakaanza upya. Safari hii tatizo halikuwa eropleni bali mto, kwa kuwa kiangazi kilikuwa kinakuja na maji yalipungua. Ikaamuliwa mto ujengewe boma la kuyazuia maji, yajae, mto uwe ziwa. Wenyeji wakakusanywa, wakakata magogo, wakabeba mawe na udongo, wakatengeneza na barabara ya kufika hapo. Mahali pale pakawa kijiji, nacho kikaitwa Corsairville kwa jina la eropleni. Maji yakapanda. Tarehe 6 Januari 1940 Corsair ikakimbia juu ya ziwa lile, ikainuka, ikaenda zake. Safari ya saa mbili ilikuwa imechukua siku 298.

Jina la rubani limo katika vitabu: ni Alcock, ndugu yake yule Alcock aliyevuka bahari ya Atlantiki kwa eropleni katika mwaka wa 1919. Majina ya mafundi nayo yanajulikana. Lakini watu waliolijenga boma lile, ambao pasipo wao chombo kile kingeozea topeni, wametajwa kwa neno moja tu, "vibarua". Twadhani mwanafunzi wa historia, kila akutanapo na neno hilo katika kitabu, yafaa asimame kidogo.

Eropleni za majini zilirudi baada ya Vita Kuu ya pili, na kwa muda ziwa la Naivasha lilikuwa mlango wa Nairobi. Kufika mwisho wa mwaka 1950 ziliachwa katika njia hii. Viwanja vya nchi kavu vilikuwa vimeongezeka wakati wa vita, na eropleni za magurudumu zilikuwa zimepata nguvu ya kubeba petroli nyingi zaidi.

Kisha ikaja Comet, ya kwanza duniani kuchukua abiria kwa nguvu ya jeti. Tarehe 2 Mei 1952 iliondoka London, ikatua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg kabla ya saa 24 kutimia. Watu walistaajabu, na walikuwa na haki ya kustaajabu. Lakini eropleni ile ile iliyoifungua njia ya Afrika siku hiyo ilipasuka hewani tarehe 10 Januari 1954 karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu 35. Na tarehe 8 Aprili nyingine, iliyokuwa imetoka Rome kwenda Cairo katika safari ya Johannesburg, ikapotea baharini na watu 21. Wachunguzi walikitia kiwiliwili cha Comet moja katika tangi kubwa la maji, wakakijaza na kukipunguza kwa nguvu ya maji mara nyingi sana, kama kwamba kinapanda na kushuka angani, mpaka bati lake likapasuka. Wakatambua ya kuwa bati hilo lilichoka, kama waya uchokavyo ukikunjwa na kukunjuliwa, na ufa ulianzia penye pembe za matundu yaliyokatwa ubavuni. Madirisha ya eropleni za leo yana pembe za mviringo. Mkiketi karibu nayo, kumbukeni yalikotoka.

Nairobi ilikuwa na kikwazo chake yenyewe. Mji huo uko futi 5,000 na zaidi juu ya bahari, na hewa ya juu ni nyembamba. Katika hewa nyembamba mabawa hayashiki vizuri wala mitambo haivuti kwa nguvu zake zote, hasa jua likiwa kali. Eropleni iwezayo kuinuka na petroli ya safari ndefu kutoka London haiwezi lazima kuinuka nayo kutoka Nairobi. Kiwanja kikubwa kilitakiwa, nacho kikajengwa Embakasi, kikafunguliwa Machi 1958. Kilijengwa kwa mikono ya watu waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Kenya Oktoba 1952. Walichimba na kusawazisha uwanda ule chini ya walinzi wenye bunduki, nao wengi wao hawakuwa wamehukumiwa na korti yo yote. Tangu 1978 kiwanja hicho kina jina la Jomo Kenyatta, ambaye naye alikuwa mfungwa wa siku zile zile. Wasafiri mamilioni wamekwisha kukanyaga hapo.

Katika miaka ya 1960 zikatokea eropleni za VC10, zilizoundwa makusudi kwa viwanja vya juu vyenye joto, na shirika la East African Airways, mali ya nchi zetu kwa pamoja, likazipata katika mwaka wa 1966. Shirika hilo lilivunjika katika mwaka wa 1977, lakini njia yenyewe ilikuwa imekwisha kunyooka. Vituo vikaanza kuruka mmoja mmoja, mpaka pasibaki hata kimoja. Mji wa kale wa Wadi Halfa, ambako abiria walilala, uko chini ya maji ya ziwa lililofanywa na boma kuu la Aswan. Butiaba ni kijiji cha wavuvi. Mtu apitaye juu yake leo usiku amelala, na hata akiamka haoni kitu.

Hata hivyo, uzi wetu tulioukaza juu ya mfano wa dunia haujui habari za wanadamu. Italia ilipokataa anga yake, abiria walipanda gari moshi. Na vita vilipozuka Sudan mwezi wa Aprili 1923 ukiongeza miaka 100, yaani 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa, na eropleni zenye uwezo wa kwenda London mpaka Nairobi bila kutua zikaipinda njia, nyingine zikipitia upande wa Bahari ya Sham, huku Khartoum, iliyowahi kumlaza kila msafiri wa njia hii, ikiwaka moto na kiwanja chake kimejaa eropleni zilizoteketea.